Picha nne za Barabara ya Samora zisizo na tarehe: nizipange vipi?

Mjukuu wa Gerezani aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Marehemu babu yangu aliacha bahasha yenye picha nne za Barabara ya Samora, Dar es Salaam, ambazo nadhani zote zilipigwa karibu na mzunguko wa Sanamu la Askari kuelekea Mnara wa Saa. Ya kwanza ni kadi ya posta iliyochakaa, ina miti pande zote mbili na sanamu ambalo halionekani vizuri. Ya pili ni nyeusi na nyeupe, na ndani yake kuna baiskeli nyingi pamoja na benki yenye jina la Kiingereza. Ya tatu ni ya rangi iliyogeuka nyekundu, na mlangoni mwa jengo moja pamebandikwa kibao cha Msajili wa Majumba. Ya nne inaonyesha mahali palipozungushiwa mabati ya ujenzi. Hakuna hata moja iliyoandikwa mwaka. Nitajuaje ipi ni ya lini? Kinachoniuma zaidi ni jengo zuri lenye baraza ya nguzo lililo kwenye picha ya pili, kwa kuwa kwenye ya tatu silioni tena.

Mkaazi wa Upanga alijibu:

Anza na kadi, ndugu yangu, na utazame sanamu kwa kioo cha kukuzia. Sanamu la Askari tunalolijua, la shaba, lenye mwanajeshi mmoja aliyeinama mbele na bunduki mkononi, lilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake palikuwa na sanamu la Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambaye alisimama juu wima huku askari Mwafrika akiwa chini yake. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916 wakaling'oa. Basi ukiona watu wawili, mmoja juu na mwingine chini, kadi hiyo ni ya enzi ya Wajerumani, walipoiita barabara hiyo Unter den Akazien. Waingereza walilitafsiri tu jina hilo kuwa Acacia Avenue, na baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue kabla ya kupewa jina la Samora Machel.

Karani Mstaafu alijibu:

Mimi ningesoma vibao kabla ya kutazama majengo, kwa sababu katika barabara ile ukuta uliweza kubaki uleule huku mwenyewe akibadilika mara tatu. Mabenki yalitaifishwa Februari 1967, siku moja tu baada ya Azimio la Arusha, na yakaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara. Kwa hiyo picha yako ya pili huenda ni ya kabla ya hapo. Majumba yaliyopangishwa, yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yalichukuliwa kwa sheria ya mwaka 1971, na ndipo Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyosimamia majumba hayo, alipozaliwa. Mwaka 1990 shughuli zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Nimekuwa mpangaji katika moja ya majumba hayo, na nakumbuka kibao chetu kilivyokuwa: cha bati, herufi zimepakwa kwa mkono, skrubu ya pembe ya chini imetoka, kinagongagonga upepo wa bahari ukivuma.

Lakini usilichukue hilo kama muhuri wa tarehe. Kibao chetu kilikaa pale miaka kadhaa baada ya ofisi yenyewe kufutwa, maana hakuna aliyetumwa kukiondoa. Kibao hukwambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani, basi.

Mpiga Picha wa Kariakoo alijibu:

Kabla ya kulia jengo, hakikisha kamera ilielekea wapi. Singe la Askari, yaani kisu kilicho mbele ya bunduki yake, limeelekezwa bandarini. Ukisimama kwenye mzunguko ukatazama Mnara wa Saa, bandari iko kushoto kwako, hivyo singe litaelekea kushoto. Ukitazama upande wa Bustani ya Mimea, litaelekea kulia. Likionekana upande usiotarajiwa, soma na maandishi ya madukani, kwani picha ikisafishwa kinyume herufi nazo hugeuka. Wekundu wa picha ya tatu usikutishe, hayo ni matokeo ya rangi kuchujuka. Unapozinakili, nakili na migongo yake, na ukiandika chochote nyuma tumia penseli laini.

Mjukuu wa Gerezani alirudi:

Nashukuruni sana, wazee wangu. Kwenye kadi ni watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, kwa hiyo bila shaka babu aliirithi mwenyewe. Kuhusu picha ya pili nimeona haya: jina la benki linasomeka sawasawa, lakini singe linaelekea kulia. Miaka yote hii nimekuwa nikilitafuta lile jengo la nguzo upande wa Mnara wa Saa, kumbe babu alikuwa ameupa Mnara mgongo. Jumamosi nitakwenda kulitazama upande wa Bustani.