Nyumba ya Kisauni au kiwanja Mtwapa? Kodi zanichanganya

Pwani_Kaskazini: Salaam jamaa. Nimebakiwa na mawili: nyumba Kisauni, au kiwanja Mtwapa nijenge polepole. Mwenye nyumba alisema milioni 8.5, juzi kapandisha hadi 9, eti KRA, watoza kodi wa Kenya, watammaliza. Nichukue ipi?

Bi_Mapengo: Yeye aliinunua kwa ngapi? Hatimiliki umeiona? Pesa taslimu au mkopo? Wauliza nusu nusu.

Pwani_Kaskazini: Hati ipo. Alinunua kwa 5. Nusu taslimu, nusu sacco.

Mhasibu_Mchovu: Basi faida yake ni milioni 4 kabla ya kutoa gharama. Hadi mwisho wa 2022 kodi ya faida hiyo ingekuwa asilimia 5, laki mbili. Tangu Januari 2023 ni 15, laki sita. Sheria yamdai yeye, wewe wasukumiwa tu. Zako ni ushuru wa stempu, asilimia 4 ya bei mjini: 360,000, na wakili juu yake. Rudi 8.5, kisha nyamaza.

Fundi_Kipara: Kiwanja! Nje ya mji stempu ni asilimia 2.

Bi_Mapengo: Mtwapa imekuwa shamba lini? Na hayo magorofa?

Fundi_Kipara: Mbuzi bado wavuka barabara.

Mhasibu_Mchovu: Mbuzi si ushahidi. Angalieni rekodi za ardhi.

Mama_Salma: Mwanangu, usidanganye bei. Nyumba yangu ya Likoni tulipatana 5.8, wakili akaandika 4.5 ili stempu ishuke. Nikaona ni werevu. Mthamini wa serikali akaja na viatu vyake vya vumbi, akahesabu hadi tangi la juu ya paa, akasema milioni 6. Stempu ikatoka 180,000 ikawa 240,000. Niliuza cherehani, na bado nikamkopa dada. Wakili simu hashiki. Wiki saba hati imelala.

Fundi_Kipara: Cherehani gani hiyo, ya miguu?

Mama_Salma: Ya miguu. Naililia hadi leo.

Kijana_wa_Bamburi: Mjomba alipopigiwa hesabu ya 15 akagoma kuuza. Kapangisha, alipa KRA asilimia 7.5 ya pesa za wapangaji kila mwezi, kodi ya kodi! Wakigoma wengi, za kuuza zaadimika, bei yapanda.

Mhasibu_Mchovu: Si lazima. Mwenye shida ya pesa hushusha.

Pwani_Kaskazini: Kanipigia sasa hivi. 8.8, na kisima ndani. Asema kuna mtu mwengine kaja kuitazama.

Fundi_Kipara: Huyo mtu mwengine hakosi kila nyumba.

Bi_Mapengo: Maji ya kisima umeyaonja?