Amplifaya inavuma "mmmmm" hata kama hakuna kinachopigwa, ni kapasita au kuna kingine?

Kinubi255: Wakuu habari zenu. Nina amplifaya ya stereo ya zamani kidogo, plagi ya pini tatu, na spika mbili kubwa, inachukua sauti kutoka kwenye king'amuzi cha dishi na laptop kwa zile waya za AV nyekundu na nyeupe. Shida kuna mvumo mzito unatoka spika zote mbili muda wote, muziki ukiwa juu huusikii sana ila usiku ukitaka kusikiliza taarab taratibu unakera balaa. Fundi ameisikiliza tu akasema kapasita kubwa zimechoka nimpe hela abadilishe zote. Ila muziki wenyewe unatoka safi na besi ipo, ndo maana nasita. Naombeni msaada.

fundi_waya: Usitoe hela kwanza mkuu. Mvumo uko wa aina mbili na watu wanachanganya sana. Umeme wetu ni 50Hz. Kapasita za pawa sapulai (zile zinazolainisha umeme ndani ya amplifaya) zikichoka unasikia 100Hz, mara mbili yake, kwa sababu diodi zinatumia nusu zote mbili za wimbi, na mlio unakuwa na mkwaruzo "bzzzz". Ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini) za vifaa viwili zikigongana unasikia zaidi ile 50Hz, nzito ya chini kabisa. Weka app ya kutoa toni kwenye simu, vaa earphone (spika ya simu haiwezi kutoa 50Hz vizuri), piga 50 halafu 100 ulinganishe. Hiyo inakupa mwanga tu, wakati mwingine zinakuja kwa pamoja. Kipimo chenyewe hasa ni hiki: zima amplifaya, chomoa waya zote za input nyuma acha za spika tu, washa, panda na volyumu taratibu. Ikivuma ikiwa peke yake tena mvumo haujali volyumu, hapo kapasita ni mshukiwa wa kwanza. Ikiwa kimya, amplifaya yako ni nzima, tatizo linaingia na waya.

Kinubi255: Nimefanya mkuu. Ikiwa peke yake kimya kabisa hata nikiweka sikio kwenye spika. Nikirudisha laptop ikiwa kwenye betri kimya, nikichomeka chaja kunakuja kamvumo kadogo, nikirudisha king'amuzi ndo linarudi lote kama mwanzo.

MpendaBesi: Rahisi hiyo. Fungua plagi ya amplifaya ondoa ile waya ya kijani na njano, mimi nilifanya hivyo mvumo ukaisha siku hiyo hiyo.

fundi_waya: Hapana ndugu yangu, na naomba yeyote anayesoma hapa asifanye hivyo. Ni kweli mvumo unaisha, lakini ile waya ndo inayokulinda, siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma ndani, ethi inabeba umeme wote fyuzi inakatika pale pale. Ukiiondoa bodi inabaki na 230V inamsubiri mtoto aje aguse kitufe cha volyumu. Bora uvumilie mvumo.

Kinubi255, bado kipimo kimoja. Acha king'amuzi kimewaka na waya za AV zikiwa mahali pake, kisha fungua kebo ya dishi tu nyuma ya king'amuzi.

Kinubi255: Daah! Kimya! Picha imekata ila mvumo wote umeondoka. Sasa dishi linahusianaje na amplifaya?

fundi_waya: Linahusiana sana. Dishi limefungwa kwenye bomba la chuma au limegusa bati, kwa hiyo kupitia ule wavu wa nje wa kebo king'amuzi chako kinapata ethi yake huko nje. Amplifaya nayo ina ethi yake kwenye soketi. Hizo ethi mbili haziwi sawasawa, kunakuwa na tofauti ndogo ya volti, ukiziunganisha kwa waya ya AV umeme unazunguka humo kwenye wavu wa waya na amplifaya inaukuza kama vile ni muziki. Hata milivolti chache zinatosha kusikika.

Dawa. Kwanza jaribu kuchomeka king'amuzi, TV na amplifaya kwenye eksitensheni moja yenye ethi ya kweli (zipo zenye matundu matatu lakini ndani waya ni mbili tu, ifungue uangalie ikiwa imechomolewa). Inapunguza, ila kwa kesi ya dishi mara nyingi haimalizi. Pili tafuta kile kiboksi kidogo chenye taransfoma ndani kinachokaa kati ya king'amuzi na amplifaya kwenye waya za AV, kinapitisha sauti bila kuunganisha ethi, cha bei ya chini sana kinakula besi kidogo kwa hiyo kisikilize kabla ya kulipa. USIWEKE kizuizi chochote kwenye kebo ya dishi maana king'amuzi kinapeleka volti kwa LNB (kile kichwa cha kupokea mawimbi mbele ya dishi) kupitia kebo hiyo hiyo, ukikata tu huna chaneli. Dawa ya kudumu ni fundi umeme aunge waya mnene kutoka kwenye bomba la dishi hadi kwenye ethi ya nyumba ziwe kitu kimoja.

santuri_tu: Na mimi nidandie hapo hapo, yangu inavuma kwenye pleya ya santuri tu, CD kimya. Sina dishi.

fundi_waya: Angalia nyuma ya pleya, kuna kawaya kembamba peke yake, mara nyingi kana kichwa cha uma. Kanatakiwa kufungwa kwenye skrubu ya GND (yaani ethi) nyuma ya amplifaya, karibu na input ya phono, ile ya pleya ya santuri. Kama kamefungwa na bado inavuma sogeza pleya mbali na taransfoma ya amplifaya, sindano inatoa sauti ndogo mno inadaka kila kitu.

Kinubi255: Nimeweka kiboksi cha taransfoma, mvumo umeisha kabisa upande wa king'amuzi, besi sijaona ikipungua. Fundi umeme nimeongea naye aje kuunga ile ya dishi. Kile kamvumo ka chaja ya laptop nacho kiboksi hicho hicho kinafaa?

fundi_waya: Kinafaa, ila nunua cha pili, usichangie.