Pakeji ya skii ya familia "bei poa": nimepigwa mchana kweupe

Wakuu habarini, ngoja nitoe hili dukuduku maana waifu kasema nikimsimulia tena hii safari anahamia chumba cha watoto.

Niko Uingereza, watoto wawili, miaka 7 na 10, na toka Krismasi wimbo ni mmoja tu, eti rafiki zao wote shuleni wanaenda kuteleza kwenye theluji. Mimi mtoto wa Moshi, theluji ya Kibo nimeiona bure miaka yote nikienda kuchota maji, sikuwahi kuwaza kuna siku nitailipia. Ila mtoto akikuganda utafanyaje. Bei za Alps, ile milima ya Ulaya ya wenye nazo, nikaziangalia nikafunga kompyuta. Watu wakanambia nenda Bansko, Bulgaria, ndo ya walalahoi. Nikakuta tangazo la kampuni moja (jina naliacha), pauni 399 kwa kichwa, likizo ya skii ya familia. Mara nne, elfu moja mia sita kasoro pauni nne. Nikasema hii tunaweza.

Kumbe 399 ni ya Januari! Ukibofya ile wiki ya Februari shule zimefungwa inaruka hadi 740, hoteli ile ile, ndege ile ile, kitanda kile kile. Nikataka niwatoe shule hiyo Januari, jamaa yangu mmoja akanicheka, siku hizi England faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, sisi wawili kwa wale wawili ni 320, na ukizidisha siku 21 hujalipa kila moja inakuwa 160. Yaani huku shule imekubana, kule kampuni inakusubiri na panga.

Nikalipa. Sasa nauliza, pasi za lifti, zile mashine za kukupandisha mlimani, zimo? Hazimo. Skii, viatu, fimbo? Vya kukodi, hela mbali. Mwalimu? Mbali. Begi la ndege? Mbali. Basi la kutoka Sofia, zaidi ya kilomita 150, nalo mbali!! Sasa nyie mmeniuzia nini jamani? Ni sawa na mama ntilie akuuzie wali nyama alafu nyama ulipie, sahani ulipie, na maji ya kunawa ulipie.

Bado waifu ana pasi ya Bongo na Bulgaria imeingia Schengen, zile nchi za Ulaya za visa moja, mzima mzima toka Januari 2025, kwa hiyo visa yuro 90, juu yake hela ya wale wanaopokea fomu, juu yake nauli ya treni London mara mbili maana picha waliikataa. Bima yetu ya safari nayo nikasoma yale maandishi ya sisimizi, michezo ya theluji haimo, ongeza hela. Na nyie mnaosema kadi ya GHIC, ile ya Uingereza ya kutibiwa ukiwa Ulaya, inatosha, ile inakuingiza hospitali ya serikali, haikushushi mlimani mguu ukivunjika.

Haya tukafika. Kutoka mjini kupanda juu ni gondola, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, na wiki ile kila mwenye mtoto Ulaya sijui alikuwa pale. Saa mbili asubuhi foleni imejikunja. Yale mabuti ya plastiki mtu hatembei, anajikokota kama kafungwa pingu, klipu ya juu inambana mdogo kwenye muundi, analia, nainama namfungua, foleni inasogea hatua mbili, namfunga tena. Glovu moja ikazama kwenye tope. Dakika hamsini! Kufika Banderishka Polyana, kule juu gondola inakoishia, darasa limeshaanza, tumelipia masaa mawili tumeambulia moja na kidogo. Na sisi wazazi tusiojua hata kusimama kwenye skii ikabidi tukate tiketi ya kupanda, kwa sababu uwanja wa wanaojifunza uko huko huko juu, kitu ambacho tangazo halikugusia kabisa.

Chipsi za kule juu naomba nisiziongelee. Mjini unakula kavarma (mchuzi wao wa nyama) na mkate unashiba vizuri tu, sasa siku ya tatu nikabeba mayai ya kuchemsha na mikate kama tuko basi la Moshi-Dar, watu wakageuka kututazama, nikawamenyea watoto palepale.

Jumla ni elfu tano na ushee. Kutoka kwenye ile elfu moja mia sita. Kuwapigia naambiwa masharti yote yapo ukurasa wa nane.

NYONGEZA: Mnaouliza, ndio, watoto walifurahi, mdogo siku ya mwisho kashuka mwenyewe bila kuanguka na ameshaanza kuuliza ya mwakani. Nguo za theluji tulinunua Aldi, supamaketi ya bei poa, zilipotoka, hapo tu ndo sikuumia. Kama kuna aliyewahi kudai hela kwa watu wa hivi aniambie barua aliandikaje, maana yangu wameijibu mistari miwili na kuponi ya asilimia kumi ya safari ijayo, haihusu wiki za likizo za shule.