Naomba ushauri: nataka kuanza kupika kahawa kwa mkono ili nitulize akili baada ya kazi

BintiArua

Wadau, salaam. Mimi ni mtu wa Arua, kwa sasa naishi Kireka na ofisi iko mjini Kampala, idara ya hesabu. Mwisho wa mwezi tunafunga vitabu, katikati ya mwezi wakaguzi wako mlangoni, na foleni ya Jinja Road haichagui tarehe. Nikifika nyumbani saa mbili usiku macho yamechoka na kompyuta, lakini mkono bado unatafuta simu. Natamani kitu cha kufanya kwa mikono, kisicho na skrini, kisichonilazimu kutoka nje usiku.

Kuna mwenzangu ofisini huja na kisagio kidogo cha mkono na koni ya kuchujia. Ikifika saa nne asubuhi, sisi wengine tunakoroga kahawa ya kopo, yeye anasaga punje zake taratibu, anamimina maji kidogo kidogo, na kwa dakika zile chache hasemi na mtu wala hashiki simu. Akirudi mezani unaona kabisa kwamba amepumzika. Nami nakitaka hicho anachokipata.

Sasa naomba mnisaidie. Ninunue nini kwanza na nini kingoje? Mizani ni lazima? Nashinda na namba kutwa nzima, sioni raha ya kurudi nyumbani kuhesabu gramu. Shangazi yangu yuko Paidha na anaweza kunitumia arabika ya shambani kwao, ila ni buni mbichi, haijakaangwa. Itanifaa? Na la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi: nilitaka iwe starehe ya jioni, je nitalala?

MpandaSipi

Dada, karibu sana. Nianze na kisagio, maana pesa ikiwa ya kitu kimoja kizuri tu, iende huko. Chukua cha mkono chenye meno yanayoziponda punje. Kile cha umeme chenye kisu kinachozunguka kiache. Kisu kinakata ovyo, nusu inatoka vumbi na nusu vipande vikubwa. Vumbi linaleta uchungu, vipande vikubwa vinaleta uchachu, na vyote vikikutana kikombe kimoja hujui pa kurekebisha. Tena cha mkono hakina habari na umeme kukatika.

Koni nunua ya plastiki. Ni nafuu, haivunjiki ukiibeba kwenye mkoba, na hainyonyi joto la maji kama ya kauri iliyopoa. Birika lenye mdomo mwembamba ni zuri lakini lingoje. Buli dogo la chai lenye mdomo mzuri linamimina vizuri tu.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 15 za kahawa kwa gramu 250 za maji. Saga hadi ukubwa wa chembe za sukari. Weka karatasi ya kuchujia ndani ya koni, ilowesha kwa maji ya moto, uyamwage. Ladha ya karatasi inaondoka na koni inapata joto. Tia kahawa, mimina maji ya kuilowesha tu, gramu 40 au 45 hivi, halafu simamisha mkono. Hapo ndipo pa kutazama, dada. Kahawa iliyokaangwa karibuni inaumuka. Inainuka katikati, vipovu vinapasuka juu yake kimoja kimoja, na harufu inakupanda puani kabla hujaonja chochote. Ni kaboni dayoksaidi iliyobaki ndani ya punje tangu ilipokaangwa, inatoka. Kahawa iliyokaa dukani miezi mingi haiumuki, inalowa na kulala palepale, na ukishaona tofauti hiyo hutauliza tena kwa nini watu wanasisitiza kahawa mpya.

Ngoja nusu dakika, kisha mimina yaliyobaki polepole kwa kuzungusha, kutoka katikati kuelekea nje na kurudi, bila kugonga kingo za karatasi. Dakika tatu hivi zikifika, maji yawe yameshuka yote. Yakishuka mbio na kahawa ikawa na uchachu mkali, kesho saga laini zaidi. Yakikwama na kahawa ikakausha ulimi kwa uchungu, saga kubwa zaidi. Badili usagaji peke yake, mengine yaache yalivyo, mpaka uridhike.

Na hili ni la Kampala hasa. Utasikia sana kwenye video kwamba uchemshe maji kisha usubiri yapoe kidogo. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kwa arabika iliyokaangwa wastani hiyo ndiyo tunayoitaka. Zima moto, mimina.

FundiNtinda

Nakubali yote isipokuwa mizani. Dada kasema amechoka na namba, mbona tunamrudishia namba? Vijiko vitatu vya mezani vya kahawa iliyosagwa, usivirundike, ni karibu na hizo gramu 15. Kikombe chako cha kawaida ukijue ujazo wake mara moja, basi. Mama zetu wanapika ugali kila siku na hakuna anayepima unga.

Na karatasi kama ni shida kupata, shona kitambaa cha pamba kilichofumwa vizuri kwa umbo la koni. Kichemshe kwanza, ukimaliza kupika kisuuze kwa maji matupu bila sabuni, ukihifadhi ndani ya maji safi kwenye friji. Mwaka 1908 Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, alitoboa matundu kwenye chombo cha shaba akaweka karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mtoto wake. Uchujaji huu wa karatasi tunaoushabikia ulianzia jikoni kwa vitu vilivyokuwamo.

MpandaSipi

FundiNtinda, mama anayepika ugali ameupika maelfu ya mara, mkono wake umeshakuwa mizani. Anayeanza hana mkono huo. Leo kahawa ikitoka nzuri na kesho mbaya, hajui kama ni kijiko kilichojaa zaidi au ni maji. Mimi ningemshauri anunue mizani ndogo ya jikoni ya gramu, apime hadi mkono uzoee, kisha aiweke kabatini akipenda. Hakuna kuandika popote.

MwanaMasaka

Naona kila mtu anasema arabika, arabika. Jamani, sehemu kubwa ya kahawa ya nchi hii ni robusta, na robusta ni mwenyeji wa hapa, miti ya asili bado imo msituni Kibale. Arabika ililetwa. Huku Buganda kahawa ilitafunwa kabla watu hawajaanza kuinywa, na hadi leo mgeni anawekewa punje zilizochemshwa na kukaushwa. Robusta inasemwa vibaya kwa sababu wengi wameonja ile ya mabaki, iliyoanikwa chini kwenye vumbi na kuunguzwa ikikaangwa.

Dada, ukipata robusta iliyovunwa mbivu, ikaanikwa juu ya vichanja na kuchambuliwa, itumie kwenye presi, ile ya kubonyeza. Saga kubwa, mimina maji yaliyopoa dakika mbili tatu baada ya kuchemka, acha dakika nne, bonyeza polepole. Inatoka nzito yenye harufu ya kakao. Na presi haikudai ustadi wa kumimina, jambo ambalo kwa mtu aliyechoka ni nafuu kubwa.

BabaShaaban_Kawempe

Mwanangu, mimi mzaliwa wa Mombasa, nimeoa Kawempe na hapa ndipo nilipozeekea. Hizo koni na mizani sizipingi, lakini ujue kuna kahawa ya mkono ambayo Waswahili wamekuwa nayo muda wote. Dele, yaani birika la kahawa, juu ya mkaa, kahawa iliyotwangwa kwenye kinu, tangawizi na iliki, moto mdogo, vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata pembeni. Haina sukari. Unaiacha ichemke polepole na hapo katikati hakuna la kufanya ila kuongea na aliyekaa karibu nawe.

Nasema hivi kwa sababu umeandika kwamba mwenzako hupika bila kusema na mtu. Ni sawa, kila mmoja na mapumziko yake. Lakini siku za Jumapili, ukiwa na ndugu au majirani, jaribu ya dele. Mtu anayeshinda na kompyuta huenda ana njaa ya watu kuliko ya ukimya.

BintiArua

Shikamoo mzee wangu. Hilo la njaa ya watu limenigusa, sikuwa nimelifikiria. Sufuria ndogo inaweza kushika nafasi ya dele?

BabaShaaban_Kawempe

Marahaba mwanangu. Inaweza, ila usikoroge ikishachemka. Iache itue, umimine taratibu ili machicha yabaki chini.

ZamuYaUsiku

Mimi nafanya kazi hospitalini, naomba nijibu lile swali la usingizi kwa sababu limepitwa. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini inabaki mwilini baada ya saa tano hivi. Ukinywa saa mbili usiku, saa saba usiku bado unayo nusu yake. Unaweza kupitiwa na usingizi lakini ukawa mwepesi, na asubuhi unaamka mchovu, unaongeza kahawa, jioni unaongeza tena. Hapo tayari umeshaingia kwenye mzunguko uleule uliotaka kuukimbia.

Wanawake wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi huchukua muda mrefu zaidi kuitoa mwilini, karibu mara mbili. Mjamzito anashauriwa asizidishe miligramu 200 kwa siku. Na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo ushauri wa MwanaMasaka ni mzuri kwa asubuhi, kwa jioni hapana.

Ningekuwa wewe, kikombe cha mwisho kingekuwa saa nane mchana.

BintiArua

Asante sana, ingawa umenivunja moyo kidogo. Wazo lote lilikuwa jioni. Kupika saa nne ofisini nitaweza, birika la umeme lipo na mwenzangu atanionyesha. Lakini jioni yangu inabaki na simu ileile. Na buni ya shangazi bado sijajibiwa.

MpandaSipi

Dada, umejijibu bila kujua. Jioni usipike, kaanga. Ni kazi ya mikono mitupu, haina skrini, na huinywi siku hiyo, kwa sababu kahawa iliyotoka motoni inahitaji kupumzika siku mbili tatu hivi hewa ile niliyoitaja ipungue.

Kwanza unachambua. Mwaga buni kwenye sinia chini ya taa, ondoa nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika. Mimi huiona hii ndiyo sehemu tulivu kuliko zote, vidole vinajifunza haraka na kichwa kinapoa.

Kisha kikaango kizito au sufuria nene, moto wa kati, gesi au sigiri. Weka kidogo, gramu 150 hivi, punje zisilaliane sana. Koroga bila kusimama kwa mwiko wa mti. Mwanzoni zinabaki kijani na kunuka majani makavu. Zikigeuka manjano zinaleta harufu ya mkate. Zikianza kuwa kahawia, maganda membamba yanaruka na moshi unaanza, basi fungua madirisha. Karibu dakika ya nane hadi kumi na mbili utazisikia zinalia, mlio mkavu mmoja mmoja, kisha mingi kwa pamoja. Huo ni mlio wa kwanza. Ukiisha, subiri kidogo na epua. Ukiendelea hadi mlio wa pili, mwembamba na wa haraka, mafuta yanaanza kutoka juu na kahawa inakuwa nyeusi. Kwa arabika ya Paidha nisingefika huko, ladha ya tunda inafia motoni.

Zimimine kwenye ungo hapohapo, upepete nje. Maganda yanapeperuka na punje zinapoa. Usipozipoza haraka zinaendelea kuiva zenyewe. Kikombe cha kwanza unakinywa ofisini saa nne, siku mbili tatu baadaye.

FundiNtinda

Hapo MpandaSipi sikupingi. Hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, mahali pakavu pasipo na jua. Usiweke kwenye friji ukawa unatoa na kurudisha, inanyonya unyevu na harufu ya vitunguu.

ZamuYaUsiku

Hii naiunga mkono kwa moyo wote. Moshi tu uangalie, kama kuna mtoto mwenye pumu ndani ya nyumba kaangia nje.

BintiArua

Jamani, mmenifurahisha sana. Jumamosi jioni nitakaanga barazani kwenye sigiri, siku za kazi nitapika ofisini saa nne, na Jumapili nitajaribu ya mzee na jirani zangu. Nitaanza na kisagio na koni. Mizani nitaazima kwa mwenzangu kwanza. Swali la mwisho: shangazi anauliza atume ikiwa na ganda lake la ndani au iliyokobolewa?

MpandaSipi

Ikiwa na ganda inakaa muda mrefu bila kuharibika, kwa hiyo kama anatuma nyingi mara moja kwa mwaka, ije hivyo, wewe ukoboe kidogo kidogo kwa kinu, twanga polepole usivunje punje, kisha pepeta. Kama anaweza kutuma kilo moja moja, akukobolee hukohuko. Kwa vyovyote mwambie aikaushe barabara, ung'ate punje moja: ikibonyea meno bado mbichi, ikigoma kabisa iko tayari kusafiri. Na aifunge peke yake, isipande basi pamoja na samaki mkavu.