Wasichana wa Kiarabu wanawapita kaka zao masomoni. Mbona kazini hatuwaoni?

MamaWaRuwi: Assalaam aleikum wanajamvi. Niko Maskati, Oman, mwaka wa kumi na mbili. Binti wa kaka yangu kamaliza uhandisi, alama zake zinawapita kaka zake wote wawili. Mwaka wa tatu huu yuko nyumbani. Shahada imetiwa fremu, imetundikwa juu ya televisheni, kila mgeni huonyeshwa. Nchi nyingi za Kiarabu wasichana wamejaa vyuoni kuliko wavulana, lakini kati ya wanawake watu wazima ni mmoja hivi katika watano aliye kazini au anayeitafuta. Kisomo hiki kinamfaa nini?

KijanaWaKibokoni: Yaliandikwa zamani hayo, dada. Ripoti ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ya 2003, kama sikosei, ilisema Waarabu wamepungukiwa mambo matatu: uhuru, maarifa na nafasi ya mwanamke. Na walioiandika ni wasomi wa Kiarabu wenyewe.

UstadhNgamiani: Umechanganya, kijana. Mapungufu matatu ni ripoti ya kwanza, 2002. Ya 2003 ilihusu maarifa, na ya wanawake ni ya 2005. Na msiisingizie dini. Qarawiyyin, msikiti na chuo cha Fez kule Moroko, tangu 859, husimuliwa kuwa aliyeijenga ni mwanamke, Fatima al-Fihri.

KijanaWaKibokoni: Dini sijaitaja popote, ustadh. Ila Saudia ilifungua shule za serikali za wasichana 1960, na wazee wa mji wa Buraida walisafiri hadi Riyadh kuzipinga. Shule zile zikawekwa chini ya masheikh mpaka 2002, shule ya Makka ilipoungua na mabinti 15 wakafa. Ndipo zikahamishiwa Wizara ya Elimu. Mabinti 15, ustadh! Karne ya tisa haiwahusu hao.

Mzenji_Asili: Tuseme kweli jamani. Oman ya 1970, Sultan Qaboos anashika nchi, ilikuwa na skuli tatu na wanafunzi 900 hivi, wote wanaume. Aliyeifundisha Oman kusoma ni sisi tuliotoka Unguja. Bila sisi mngekuwa mnachunga mbuzi hadi leo.

WaJabalAkhdar: Hapo umenigusa. Baba yangu alichunga mbuzi Jabal Akhdar, milimani huku Oman, na Qur'ani nzima ilikuwa kifuani mwake. Kiswahili hiki nimekinyonya kwa mama, mzaliwa wa Tabora, kwa hiyo usinifanye mgeni. Mlipofika hapa wengi wenu mliandikiwa barua za Kiarabu na majirani. Futa neno lako.

Mzenji_Asili: Sifuti. Lete daktari au mhandisi mmoja wa kwenu wa mwaka ule.

WaJabalAkhdar: Waliokuwa na elimu walikuwa uhamishoni, Kuwait, Bahrain na Misri, kwa sababu Sultan Said, baba yake Qaboos, aliwafungia nchi. Kunyimwa skuli hakumfanyi mtu mjinga. Umemtukana baba yangu mbele ya watu.

DadaWaTemeke: Mnagombania nani alitangulia. Kwetu Tanzania msichana aliyejifungua aliruhusiwa kurudi shule ya serikali Novemba 2021 tu. Nina mdogo wangu aliyeachwa nje miaka sita. Simcheki Mwarabu.

BintiBiZuwena: Naomba nafasi, maana mnaowataja ni bibi zetu. Bibi yangu, Bi Zuwena, alisoma skuli ya wasichana ya Unguja, ile iliyofunguliwa 1927. Alipofika Maskati miaka ya sabini akapewa darasa ndani ya hema. Chaki aliziweka kwenye kopo la maziwa ya unga zisiloe jasho la mikono. Hesabu alizijua, Kiarabu cha kuandika hakukijua. Kila usiku jirani yake, mama mmoja wa Nizwa, mji wa Oman, alimwandikia maneno ya somo la kesho, na binti wa mama yule alikuwa anakaa mstari wa mbele. Sasa Mzenji, hapo nani alimfundisha nani? Mwombe mwenzio radhi.

Mzenji_Asili: Bi Zuwena Mungu amrehemu. Neno la mbuzi nalifuta, ndugu wa Jabal. La skuli tatu linabaki.

WaJabalAkhdar: Nimepokea. La skuli tatu ni kweli.

MamaWaRuwi: Alhamdulillahi mmepatana, ila mimi bado nina binti nyumbani. Juzi kaitwa kazini Duqm, mji wa bandari, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Baba yake kagoma, anasema mshahara wake na wa kaka zake unatosha nyumba. Bi Zuwena mumewe alimruhusu vipi?

UstadhNgamiani: Hapo ndipo penyewe. Mafuta yalipoanza kulipa, mshahara wa mwanamume mmoja wa serikalini ukalisha nyumba nzima, na kazi ya mwanamke ikaonekana ya kujitakia. Kaka yako hana ubaya. Hajawahi kuuhitaji mshahara wa binti.

BintiBiZuwena: Babu hakuwa na kazi na watoto walikuwa watano, hakuwa na la kukataa. Lakini mama wa Nizwa naye alikuwa na mume, na mshahara ulikuwepo, na mwaka wa pili akaingia kufundisha dini hema la pili. Walikuwa wanawake watatu wa mtaa mmoja, gari moja, dereva mzee wanayemjua wote. Mtafutie binti wenzake wawili wa kwenda nao Duqm, kisha baba yake aongee na baba zao. Akikuuliza nani kawahi kufanya hivyo, mpe namba yangu. Mama yangu yuko hai, atamweleza mwenyewe, alikuwa analala ndani ya gari lile akiwa mchanga.