Naomba ushauri: niseme au ninyamaze?

Habari zenu wakubwa. Niko Bagamoyo, Mji Mkongwe. Mtaani tunaandaa sherehe ya kuwakumbuka waliotujia kwa bahari: Waomani, Wahindi, wamisionari wa 1868, Wajerumani walioufanya mji huu makao makuu yao hadi 1891. Nimepewa dakika tano kwa kuwa babu mzaa baba ni wa ukoo wa Oman. Kasha lake la misumari ya shaba tunalo, ukilifungua linanukia udi hadi leo.

Ila kwa mama ni Wanyamwezi, wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka bara. Wengine walifika na minyororo shingoni, tusidanganyane. Mwenyekiti kanambia, "Hayo ya utumwa yaache, wageni watanuna." Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Bibi mzaa mama atakaa mstari wa mbele.