Je, intaneti inaharibu ubongo, au tunaisingizia?

Kalamu Kavu
Wakuu, kila kukicha nasoma kwamba simu "inakaanga ubongo", na anayesema hivyo kaandikia humo humo simuni. Tulijadili kwa hoja. Wapo wanaosema kukaa mtandaoni kunakula umakini na kuleta uraibu. Wapo wanaosema ni hofu ile ile iliyowahi kubebeshwa televisheni. Mimi nasema ubongo unabadilika, na kubadilika si kuharibika. Madereva wa teksi wa London hukariri mitaa ipatayo 25,000. Mwaka 2000 watafiti waliwapiga picha za ubongo wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linaloshughulikia kumbukumbu, ni kubwa kuliko ya watu wengine, na ya mbele ni ndogo. Hakuna aliyelia kwamba teksi imewaharibu. Karibuni.

Nyundo
Mfano wa teksi umeuchomeka tu, mkuu. Dereva anajifunza kwa hiari yake, anayeskroli anafundishwa bila kujua. Wanasaikolojia Ferster na Skinner walishaandika mwaka 1957: njiwa akipewa punje baada ya madono yasiyo na hesabu maalumu, atadonoa kwa kasi na hataacha upesi hata punje zikikatika. Kuvuta kioo cha simu chini kuona kama kuna jipya ni mdono ule ule.

Halafu dopamini, ile kemikali ya ubongo. Watu wanaiita "homoni ya raha", wanakosea. Kazi ya Wolfram Schultz na wenzake ya 1997 ilionyesha seli za dopamini zinaitikia tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Nyani akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inakuja, seli zinaitikia taa, na juisi yenyewe inapita kimya. Kwa hiyo kinachokuinua kitini ni mlio. Ujumbe wenyewe mara nyingi haukushughulishi.

Dawa basi ni kuua ishara. Zima arifa za kila programu isiyo na binadamu upande wa pili. Zima video zinazojianzisha zenyewe. Toka kwenye akaunti kila umalizapo, ili mara ijayo udaiwe nywila. Sekunde 15 za usumbufu zinatosha kumrudisha mtu aliyefungua kwa mazoea ya kidole. Na tafadhali msiniletee habari za kugeuza kioo manjano usiku ili upate usingizi, hiyo ni hirizi.

Bundi
Hirizi? Bwana Nyundo, ulikuwa unakwenda vizuri mpaka ulipoingia usichokijua.

Kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, kuna seli chache zenye melanopsini, kemikali inayohisi mwanga. Kazi yake kubwa si kuona. Zinapeleka habari za mwanga kwenye saa ya mwili, iliyo juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Seli hizo zinaitikia zaidi mwanga wenye mawimbi ya karibu nanomita 480, yaani buluu. Zikipata buluu usiku, melatonini, homoni inayoandaa mwili kulala, inacheleweshwa. Kuna utafiti wa Harvard, wa 2014 au 2015 hivi: watu 12 walisoma kwenye kioo kwa muda wa saa nne kabla ya kulala, usiku tano mfululizo, kisha wakalinganishwa na walivyokuwa wakisoma kitabu cha karatasi. Melatonini ilichelewa kwa saa moja na nusu. Hirizi haifanyi hivyo.

Chapu Chapu
Nyie zozaneni na rangi wakati umakini wa binadamu umeshuka hadi sekunde 8. Samaki wa dhahabu ana 9. Tumepitwa na samaki 😂

Kalamu Kavu
Chapu Chapu, huyo samaki mzike. Namba hiyo ilisambazwa na ripoti ya Microsoft Kanada ya 2015, nayo iliinakili kutoka tovuti nyingine, na waliofuatilia hawakukuta kipimo chochote nyuma yake. Si cha mtu wala cha samaki.

Kama unataka namba yenye miguu, mchukue mtafiti Gloria Mark. Mwaka 2004 alikuta wafanyakazi wanakaa kwenye kioo kimoja wastani wa dakika 2 na nusu kabla ya kuhama. Vipimo vya miaka ya karibuni vinazunguka sekunde 47. Ila soma vizuri: hapo anapima mara ngapi mtu anahama, hapimi anaweza kutulia kwa muda gani. Mtu huyo huyo anayehama kila dakika anaangalia mpira dakika 90. Hapo ndipo nilitaka mjadala uende.

Nyundo
Nakuja huko, Kalamu. Kwanza nimalizane na Bundi.

Ndugu yangu, umetaja saa moja na nusu ya melatonini, ukaficha kwamba usingizi wenyewe ulichelewa kwa dakika kama 10. Saa nne uso kwa uso na kioo kilichowekwa mwangaza wa juu kabisa, chumba kikiwa hafifu, faida yake dakika 10! Na hapo hawakujaribu rangi ya manjano, walilinganisha na karatasi. Waliojaribu ni Chuo Kikuu cha Brigham Young, 2021. Vijana 167, makundi matatu: Night Shift, ile ya iPhone ya kugeuza kioo manjano, imewashwa, Night Shift imezimwa, na wasiogusa simu kabla ya kulala. Kwa ujumla usingizi haukutofautiana. Narudia: hirizi.

Bundi
Umesoma nusu. Katika utafiti huo huo, waliokuwa na usingizi wa kutosha, zaidi ya saa 6.8, wasiogusa simu ndio waliolala vizuri zaidi. Night Shift ndiyo haikuwasaidia, hilo nakubali. Nadhani sababu ni kwamba watu wanageuza rangi na kuacha mwangaza juu kabisa. Ni kama kupaka taa rangi badala ya kuizima.

Anayetaka matokeo afanye hivi. Shusha mwangaza kwanza, rangi baadaye. Kama bado ni mkali, kwenye mipangilio ya ufikivu kuna sehemu ya kuushusha chini ya kiwango cha kawaida. Weka mandhari nyeusi. Ongeza umbali: kioo kidogo kikitoka sentimita 30 kwenda 60, mwanga unaofika jichoni unabaki kama robo. Na zima taa ya dari, kwa sababu watu wanaogopa simu huku wamekaa chini ya taa inayowamwagia mwanga mwingi kuliko simu yenyewe.

Jambo la mwisho, mchana kaa kwenye mwanga. Uppsala, Uswidi, mwaka 2016: watu walikaa saa 6 na nusu kwenye mwanga mkali mchana, usiku wakasoma tableti kwa muda wa saa mbili, na melatonini haikushuka. Jicho lililoshinda gizani ndilo linaloshtushwa na simu.

Mizani
Mmegeuka mafundi wa taa humu. Nirudi kwenye "uraibu", maana limetupwa kama karanga. Shirika la Afya Duniani limeweka ugonjwa wa michezo ya kielektroniki kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Masharti ni matatu: kushindwa kujizuia, mchezo kupanda juu ya mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yakionekana, kwa kawaida kwa miezi 12. "Uraibu wa intaneti" kwa jina hilo haumo. Na watafiti Orben na Przybylski walipochambua data za vijana zaidi ya 350,000 mwaka 2019, matumizi ya teknolojia yalieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Kula viazi kulikaribia hapo hapo.

Nyundo
Mizani, viazi vyako havijaiva. Wastani huo unamchanganya anayeongea na mama yake na anayecheza kamari mpaka alfajiri, halafu unawauliza wenyewe wametumia saa ngapi. Watu hawajui. Fungua rekodi ya matumizi kwenye mipangilio, linganisha na ulichokisia, utaona aibu.

Na kabla sijasemwa: sisemi zima kila kitu. Kuna jaribio la 2019, wiki mbili. Waliopokea arifa kwa mafungu matatu kwa siku walijisikia vizuri zaidi, na waliokatiwa zote walipata wasiwasi wa kupitwa. Mafungu basi. Bundi, hili nalo uliite taa?

Bundi
Hilo nalikubali. Hirizi bado hujaifuta.

Chapu Chapu
Sasa miwani ya kuzuia mwanga wa buluu inafaa au nimeliwa?

Bundi
Kama vioo vyake ni vyeupe, umeliwa. Tathmini ya 2023 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, ilipitia majaribio 17 na haikuona ikipunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi. Macho yanachoka kwa sababu mbele ya kioo mtu anapunguza kupepesa, machozi yanakauka, na msuli wa lenzi unabaki umekaza umbali ule ule. Angalia mbali mara kwa mara, pepesa kwa makusudi. Kuipima, fungua picha ya buluu tupu kwenye kioo kizima, vaa miwani, tazama. Ikigeuka nyeusi au kahawia, inazuia. Ikibaki buluu, umevaa fremu.

Nyundo
Yaani hirizi.